Ng'ombe wa Jirani na Mboga za Gunia

Mazungumzo ya ibada redioni
Masomo: Luka 13:6–9, Methali 14:4

Wako akina mama wanaotusikiliza huku wakichambua mboga za jioni. Leo twataka kuzungumza nanyi habari za mboga hizo. Tena twataka kuzungumza habari za ng'ombe, na za kile ambacho ng'ombe huacha nyuma yake. Msicheke. Bwana wetu mwenyewe alilitaja jambo hilo katika mfano wake, basi nasi tusione haya kulitaja.

Katika Injili ya Luka, sura ya 13, Yesu asimulia habari za mtu aliyekuwa na mtini shambani mwake. Miaka mitatu alikuja kutafuta matunda, na miaka yote mitatu akarudi mikono mitupu. Akamwagiza mtunza shamba aukate, maana ulikuwa ukila ardhi bure. Lakini mtunza shamba akauombea mti ule. Aliomba muda wa mwaka mmoja tu, apate kuchimba udongo kuuzunguka na kuutilia samadi, na baada ya hapo bwana wake angeamua.

Sisi tulio katika kazi ya uchungaji tumelihubiri somo hili mara nyingi. Tumesema sana juu ya mti, na juu ya matunda, na juu ya shoka. Juu ya samadi hatukuwa tumesema neno, mpaka Mungu alipotufundisha kwa ng'ombe wawili wa Kawangware.

Ninyi mnaoijua Kawangware mwajua jinsi ilivyojaa. Vibanda vimebanana, maduka yamebanana, na kila mwaka nyumba za ghorofa zazidi kupanda. Lakini wazee wakumbuka kwamba hapo palikuwa mashamba, na mpaka leo wako wachache waliobaki na ng'ombe mmoja au wawili, wanaofugwa bandani bila kutoka kwenda malishoni. Mzee mmoja wa namna hiyo ni jirani yetu, nyuma ya ua wa kanisa. Ng'ombe wake hula nepia inayoletwa kwa mzigo, majani yaliyokatwa kandokando ya barabara, na majani ya kabeji yanayobaki sokoni jioni.

Sasa, ng'ombe mkubwa wa maziwa hutoa kinyesi cha kilo 20 hivi kwa siku. Ng'ombe wawili ni kilo 40, na kwa juma moja ni karibu kilo 300. Baba yake mzee huyo hakuona taabu, kwa maana palikuwa na shamba la mahindi mbele ya banda. Leo shamba hilo ni nyumba ya ghorofa. Samadi haina mahali pa kwenda. Ilirundikana karibu na ua wetu, na mvua iliponyesha ikateremka mtaroni, ikapita mbele ya milango ya watu. Majirani walilalamika, na walikuwa na haki kulalamika, kwa kuwa watoto walicheza katika mtaro huo.

Miaka michache iliyopita Askofu alikuwa aje kwetu kwa ibada ya Kipaimara. Halmashauri ya kanisa ilikutana, tukajadili hema, viti na chakula, na mwisho tukajadili harufu. Tuliona aibu. Tukaamua kumwendea mzee na kumwambia awaondoe ng'ombe wake, la sivyo tungelipeleka jambo hilo kwa chifu. Hatukujisumbua hata kuuliza sheria yasemaje. Sheria ya Kaunti ya Nairobi ya mwaka wa 2015 yakubali kilimo na ufugaji mjini, mradi ufanywe kwa utaratibu usiodhuru wengine. Sisi tulitaka usafi tu, na upesi.

Tulikwenda, mchungaji na wazee wawili wa kanisa. Mzee alitupa viti, akatusikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Mchungaji, chai mnayokunywa kila Jumapili baada ya ibada, maziwa yake yatoka wapi?"

Tukanyamaza. Kila Jumapili alfajiri mzee huyo alikuwa akileta lita tatu za maziwa mlangoni mwa jiko la kanisa, wala hakudai hata senti moja.

Wasikilizaji wapendwa, mwenye hekima katika Methali, sura ya 14, mstari wa 4, alilijua jambo hili. Atuambia kwamba pasipo na ng'ombe, hori huwa safi. Lakini mavuno mengi hupatikana kwa nguvu za ng'ombe. Sisi tulitaka vyote viwili. Tulitaka hori safi na maziwa katika chai. Tuliondoka pale tumeinamisha vichwa, lakini bado hatukujua la kufanya na ule mlima wa samadi.

Mwezi huo huo akina mama wa kanisa moja la Kibera walikuja Kawangware kuomba pamoja na akina mama wetu. Wengi wao ni wakulima, ingawa hawana shamba. Hulima katika magunia. Kilimo hicho kilienea Kibera kuanzia mwaka wa 2008. Mwanzoni mwa mwaka huo, kwa sababu ya fujo zilizofuata uchaguzi, nyumba na masoko viliteketea, reli iking'olewa, na chakula kikawa haba. Shirika la Kifaransa liitwalo Solidarités likawa miongoni mwa waliowasaidia watu kwa miche na mafunzo. Mtu huchukua gunia, hulijaza udongo, na katikati husimamisha nguzo ya mawe madogo ili maji yashuke mpaka chini. Kisha hutoboa matundu ubavuni, na katika kila tundu hupanda mche. Gunia moja lililosimama mlangoni, mahali pa kuweka kiti kimoja, laweza kubeba miche 20 hadi 40 ya sukuma wiki au spinachi.

Lakini gunia lina shida yake. Kila jani linalochumwa huondoka na chakula fulani cha udongo, na kila debe la maji husukuma chakula kingine chini na nje. Shambani mizizi yaweza kwenda mbali kutafuta. Katika gunia haina pa kwenda. Baada ya miezi kadhaa majani ya chini huwa ya manjano, na mapya huwa madogo kama sikio la mbuzi. Udongo umechoka.

Katika wageni wetu alikuwako mama mmoja wa makamo, anayelea wajukuu wanne. Sisi tulipokuwa tukiwapitisha haraka karibu na ua, tukitumaini hawataona, yeye alisimama. Hakuziba pua. Aliinama akatazama, kisha akauliza, "Mchungaji, hii mnaitupa?"

Tukajibu, "Ndiyo, Mama. Twatafuta namna ya kuiondoa."

Akasema, "Mungu awasamehe. Sisi twanunua."

Hapo tulifunguka macho. Ng'ombe ana tumbo lenye vyumba vinne, na ndani yake Mungu ameweka viumbe vidogo visivyohesabika, viwezavyo kulainisha nyasi ngumu ambazo mimi na wewe hatuwezi kuzila. Ng'ombe huchukua sehemu yake, akatupa maziwa. Lakini sehemu kubwa ya kile kilichokuwa katika majani hutoka tena kwa kinyesi na mkojo. Si uchafu tu. Ni deni ambalo ng'ombe analirudisha kwa majani. Nasi tulikuwa tumelizuia njiani.

Basi Jumamosi iliyofuata vijana wa kanisa walipakia samadi mkokotenini, wakaishusha kwa barabara ya Naivasha, wakafika barabara ya Ngong, wakaingia Kibera kwa upande wa Makina. Tulirudi tukiimba. Tulidhani kazi imekwisha.

Haikupita wiki mbili, tukaitwa. Mama yule alikuwa ametia samadi ile mbichi katika magunia yake manane. Majani yalikuwa yamejikunja, kingo zake zimeungua kama zilizopitiwa na moto, na miche michanga imekufa. Yalibaki magunia mawili. Mboga zile zilikuwa kitoweo cha wajukuu wake, na zilizozidi aliuza kwa majirani akapata pesa za sabuni na madaftari. Kwa majuma mengi watoto wale walikula ugali kwa chumvi. Hilo tulilifanya sisi, tuliokwenda kwa furaha na kwa maombi, bila kumwuliza mtu anayejua.

Tulimrudia mzee. Akasema, "Mlinijia kuniondoa. Hamkunijia kuniuliza."

Tukamwomba atusamehe, tukamwomba aje Kibera kuwafundisha akina mama. Alikaa kimya sana. Ndipo tulipojua jambo ambalo hatukulijua miaka yote aliyokaa katika kiti cha nyuma kanisani. Mzee huyo alikuwa na kibanda cha maziwa Kibera, na kibanda hicho kilichomwa katika siku zile za mwaka wa 2008. Tangu hapo hakuwa amekanyaga huko. Alikuwa ameapa.

Hatukumbishia. Tuliomba pamoja naye, tukaenda zetu. Juma la pili alikuja mwenyewe, ameshika fimbo na uma wa kugeuzia samadi, akasema twende.

Mama alimkaribisha kwa chai. Mzee aliyatazama magunia yale, akaona aibu kwa niaba yetu. Akasema, "Mama, samadi mbichi ni chakula, lakini bado ina moto. Ni kama mtu mwenye hasira. Hata akisema kweli, ataunguza." Mama akajibu, "Baba, moto naujua. Nyumba yangu ilichomwa mwaka ule ule." Wakatazamana. Hakuna aliyeuliza ni nani aliyechoma. Kisha mzee akavua koti, akaanza kufundisha.

Tusikilizeni vizuri, kwa maana somo hili lafaa hata bustanini mwenu. Samadi huwekwa penye kivuli, juu ya ardhi iliyoinuka, mbali na mtaro na kisima. Hupangwa kwa tabaka: tabaka la samadi, tabaka la majani makavu au takataka za mboga, na udongo kidogo. Matandiko yaliyolowa mkojo wa ng'ombe yasitupwe, maana ndiyo yenye nguvu zaidi. Yakiachwa wazi, nguvu hiyo hupaa hewani na harufu. Rundo hufunikwa ili mvua isilioshe na jua lisilikaushe. Ndani yake hupata joto, na joto hilo likiwa la kutosha huua mbegu za magugu na vijidudu vingi vya magonjwa. Baada ya majuma machache hugeuzwa, la nje liingie ndani, kisha hugeuzwa tena. Ukitaka kujua hali yake, choma kijiti katikati, ukiache kidogo, kisha ukiguse. Kikiwa cha moto, ngoja. Baada ya miezi mitatu hivi, lililokuwa likinuka litakuwa mboji nyeusi, laini, yenye harufu ya udongo baada ya mvua. Hiyo ndiyo chakula cha mmea. Na mkimaliza kazi, naweni mikono kwa sabuni, tena osheni mboga vizuri kabla ya kula.

Mama alingoja. Miezi mitatu ni mingi kwa mtu mwenye wajukuu wanne. Kanisa letu lilimletea mboga kila Jumamosi mpaka miezi ile ikaisha, kwa sababu tulikuwa na deni kwake. Kisha magunia yalipandwa upya, na majani yakarudi mapana na ya kijani kibichi. Tangu hapo mkokoteni haurudi Kawangware mtupu. Akina mama hukusanya mashina ya sukuma wiki, majani yaliyotobolewa na wadudu, na maganda ya ndizi, wakayachambua yasiwe na nailoni, wakampelekea mzee kwa ng'ombe wake. Kuchambua huko ni lazima. Kabla serikali haijapiga marufuku mifuko ya plastiki mnamo Agosti 2017, wachinjaji wa jiji hili walikuwa wakiikuta ndani ya matumbo ya ng'ombe. Ng'ombe huamini mkono unaomlisha.

Wapendwa, sasa turudi kwa mtunza shamba wa Yesu. Yule mtu aliijua kazi yake. Hakusema atamwaga samadi juu ya mizizi na kwenda zake. Alisema kwanza atachimba, kwa maana samadi iliyoachwa juu hukaushwa na jua na kuchukuliwa na maji. Wala hakuomba juma moja. Aliomba mwaka. Alijua kwamba kilichooza hakigeuki chakula kwa siku moja. Mahali panapofaa na muda wa kutosha: hayo mawili ndiyo yanayotenganisha uchafu na baraka.

Ukitaka kuona yasipokuwapo, tazama Bwawa la Nairobi, lililo kando ya Kibera upande wa chini. Lilijengwa mwaka wa 1953, na kwa miaka mingi watu walicheza humo na mashua za tanga. Mto Motoine uliteremsha humo taka za watu na za mifugo, na chakula kile kile ambacho kingelisha mboga kikalisha gugu maji. Gugu likafunika bwawa, na mashua zikakoma. Rutuba ni ile ile. Mahali ndipo palipokosewa.

Na ukitaka kuona yakiwapo, tazama upande wa magharibi ya nchi yetu. Huko Mbita, kando ya Ziwa Victoria, wataalamu wa ICIPE, taasisi ya wadudu iliyoanzishwa Nairobi mwaka wa 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, wamewafundisha wakulima tangu miaka ya 1990 kupanda mmea uitwao desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi, na nepia kulizunguka shamba. Harufu ya desmodiamu hufukuza nondo ambao viwavi wao hutoboa mabua, nepia huwavuta nondo hao nje, na mizizi ya desmodiamu hulizuia gugu la striga na kuongeza rutuba. Walinzi hao wawili huliwa na nani? Na ng'ombe. Mkulima mwenye ng'ombe huwapanda kwa furaha, kwa kuwa hawamlindii mahindi tu, bali humpa na malisho. Ng'ombe hulishwa na mmea, mmea hulishwa na ng'ombe, na katikati yao mtoto hupata maziwa na ugali. Ndivyo Mungu alivyouweka ulimwengu wake. Hakuna aliyeumbwa kupokea tu, wala hakuna aliyeumbwa kutupa tu.

Basi twajiuliza sisi kwa sisi, kanisani mwetu na nyumbani mwetu: tumetaka kumwondoa nani kwa sababu harufu yake yatuaibisha? Labda ni kijana mlevi anayekaa mlangoni. Labda ni ndugu aliyefungwa gerezani akarudi. Labda ni jirani wa lugha nyingine, ambaye tangu fujo zile hatujaingia kwake. Mikononi mwetu tuna shoka, na shoka ni rahisi. Bwana wetu amekwisha kutuombea mwaka mmoja zaidi, sisi tusiozaa. Twawezaje kumnyima mwingine mwaka huo?

Tena twajiuliza: katika maisha yetu wenyewe ni nini kilichorundikana uani, tunachowapitisha wageni haraka wasikione? Ni kosa la zamani, ni aibu, ni uchungu tuliotendewa. Tukikiacha mtaroni, kitawadhuru watoto wetu. Tukikimwaga kikiwa cha moto juu ya wengine, tutawaunguza. Lakini tukikikabidhi kwa Mtunza shamba, akachimba, akafunika, akageuza, akangoja, hakuna kitu kilichooza ambacho yeye hawezi kukifanya chakula cha mtu mwingine. Mzee wa Kawangware alikaa na hasira yake miaka mingi. Siku alipoipeleka Kibera, ilikuwa imekwisha kuwa mboji.

Juma hili, msikilizaji mpendwa, tafuta jirani mmoja ambaye unachokitupa wewe yeye akihitaji. Nenda ukamwulize kabla ya kumpelekea. Na unapokula mboga zako leo jioni, mshukuru Mungu kwa ajili ya jani, kwa ajili ya ng'ombe, na kwa ajili ya mkono uliogeuza rundo.

Na tuombe.

Ee Mungu Baba yetu, uliyeumba majani na mifugo ili walishane, utusamehe sisi tuliopenda hori safi kuliko jirani. Utuchimbie udongo wetu uliokauka. Utupe subira ya kungoja kazi yako. Wabariki wote wanaolima katika magunia na wote wanaofuga katika mabanda, wa Kibera na wa Kawangware na wa kila mtaa, na watoto wanaowategemea. Uwapatanishe waliochomewa na waliochoma. Kwa jina la Yesu Kristo, Mtunza shamba wetu anayetuombea. Amina.